Sauti ya Shamte

Bi Mwanaidi aliitazama midomo ya mwanawe Shamte ikicheza kwenye kompyuta, asisikie neno. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu kijana apasuliwe koo huko ng'ambo.

"Kumbe sauti imekwenda," alisema, machozi yakimlengalenga.

Pendaeli, mwenye duka la intaneti, akasogeza kipanya. "Subiri, mama. Kivinjari ndicho kilichozimwa sauti." Akabofya alama ya spika iliyokatwa mstari, akairudisha video mwanzo.

Sauti ikatoka, inakwaruza kama ya jogoo anayejifunza kuwika. "Shikamoo, mama. Unanisikia?"

"Marahaba, baba! Nakusikia!" alipaza sauti, kana kwamba video iliyorekodiwa juzi ingemjibu. Kisha akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo, kikitetemeka kila mwanawe alipotamka neno.