Zinia za Kaburi la Mzee

Miche ilikuwa imelala tena. Nanjala aliiona hata kabla hajaweka mkoba chini: mashina membamba yamenywea, yamelalia udongo kama nyuzi zilizolowa.

"Imekufa, Mama."

Margaret, mama mkwe wake, alikuja dirishani akifuta mikono kwa kanga. Aliangalia kidogo tu. "Usijilaumu, mwanangu. Labda hizo mbegu zimezeeka."

Lakini Nanjala alijilaumu. Mbegu hizo za maua ya zinia zilitoka langoni kwa marehemu baba mkwe wake, kule Bungoma. Margaret alizileta zikiwa zimefungwa kwa leso alipokuja kukaa nao Noonkopir, mtaa wa Kitengela, baada ya mazishi, mwaka wa 2002. Nje, mbuzi wa jirani hawakusaza kitu, kwa hivyo wakaotesha ndani, kwa pakiti za maziwa zilizokatwa. Elphas, mumewe Nanjala, akamwahidi mamake, "Zikishika nguvu, Mama, nitakurudisha nyumbani uzipande kwa kaburi la Baba."

Hapo ndipo dhamiri ilipoanza kumsuta Nanjala. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Margaret alilala na mtoto wao Sheryl, akahamisha vikombe, akasema ugali haujaiva. Nanjala alimwagilia miche kila asubuhi akiomba ikue haraka, na hakuwa akimfikiria marehemu. Kila ilipokufa, aliona ni kama Mungu ameuchungulia moyo wake.

Alienda kwa Hodo, jirani mwenye duka la nguo, ambaye maua yake yalijaa mpaka mlangoni.

"Mama Sheryl, unatumia maji gani?"

"Ya kisima."

"Ya hapa Kitengela? Hiyo ni chumvi tupu! Kinga maji ya mvua. Na usimwage kila siku, mizizi itaoza. Halafu geuza hizo pakiti, miche isiinamie upande mmoja ikitafuta jua."

Nanjala alifanya yote. Alikinga maji ya mvua, akachanganya udongo mweusi na mchanga, akageuza pakiti. Mbegu zikachomoza, vijani viwili viwili, wima. Kisha jioni moja akarudi kutoka kazini akakuta vimelala. Udongo ulikuwa umelowa ingawa hakuwa ameumwagilia, tena ulikuwa vuguvugu. Akaona ni jua la dirishani limeuchoma.

"Wacha tu," Margaret alisema, huku akimsuka Sheryl nywele. "Si lazima."

Alisema kwa upole mno, Nanjala akashindwa kumtazama usoni. Mjane wa watu alitaka tu kumpelekea mumewe maua, na yeye alikuwa akihesabu vitanda.

Mbegu zilizobaki aligawa mara mbili. Nusu akapanda nyumbani kama kawaida. Nusu akampa Hodo, bila kumwambia mtu.

Za Hodo ziliota zikanenepa. Jumamosi moja Nanjala aliruhusiwa kutoka kazini mapema, akapitia dukani kuzichukua. Alitembea haraka akizikinga upepo kwa mtandio, akipanga maneno. Angemwambia Margaret kila kitu: jinsi alivyotaka aondoke, jinsi alivyoona haya. Angeomba msamaha kwanza, kisha ampe maua yake.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Margaret alikuwa dirishani, amempa mgongo, ameinamia miche ya nyumbani akiwa ameshika birika. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye pakiti.

"Nisamehe, Baba Elphas," alikuwa akinong'ona, huku akimimina maji moto. "Ile nyumba yetu imekuwa kubwa sana bila wewe."

Nanjala alirudi nyuma polepole, asisikike, akazipeleka zinia kwa Hodo azipande mlangoni kwake.