Jiko Moja la Chuma

Adolphine aliyamwagia mafiga yake maji, akayang'oa mawe yote matatu na kuyatupa migombani. Kisha akayaendea ya Scholastique, mke mwenzake mdogo. Kwa haraka ya woga, jiwe la mwisho likamwangukia mguuni.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Asubuhi hiyo ya mwaka 1952, Mzungu wa tume ya serikali angekuja kukagua nyumba yao mpya ya matofali katika mtaa wa Mikelenge. Akiridhika, Zéphirin, mume wao, karani, angepewa ile kadi ya Wakongo waliostaarabika, na nyumba ingekuwa yao. Akigundua wake wawili, kadi hakuna, nyumba hakuna. Na huyu Mzungu alikuwa mjanja. Kwa majirani hakuuliza wake wangapi, alihesabu mafiga, maana kila mke hupikia yake.

Ndiyo sababu walinunua jiko moja la kuni, la chuma, kwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi Ulaya. Alikuwa nayo mawili. Adolphine alilitaka lile fupi, la kupikia mtu akiwa ameketi. Zéphirin alichagua refu.

"Na goti yangu?" Adolphine alimuuliza.

"Usiogope, mama. Hautasimama sana."

Kuhusu Mzungu, Zéphirin alisema maneno machache tu: "Tuko bwana, muke moja na dada yangu. Basi." Wiki nzima Adolphine alimfundisha Scholastique kumwita wifi. Scholastique alikosea mara mbili, na kila mara Adolphine alimrudisha mwanzo.

Mzungu alifika saa nne. Hakutazama viti wala pazia; alikwenda moja kwa moja uani, akasimama juu ya udongo uliolowa.

"Hapa ilikuwa nini?"

Adolphine alimtangulia Zéphirin kujibu. "Tulichoma takataka, Bwana."

Mzungu aliuchokonoa udongo kwa ncha ya kiatu. Akachokonoa tena. Mwishowe akaingia jikoni, ambako Scholastique alikuwa amesimama akikoroga wali.

"Moto ni moja tu?"

"Moja tu, Bwana," alisema Adolphine.

"Muzuri. Muzuri sana."

Yamekwisha, Adolphine alijiambia. Nyumba ni yetu. Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Mzungu alitoa karatasi na kalamu, akamgeukia Zéphirin. "Sasa niandike. Bibi yako, jina lake nani?"

Adolphine alijifuta mikono kwenye kitenge, akasogea mbele.

"Scholastique, Bwana," alisema Zéphirin. Kisha akamshika Adolphine bega, taratibu. "Huyu njo dada yangu mukubwa. Anarudi kwetu Pangi kesho."