Nyongeza ya Mama Pacha

Mama Pacha hakuyamwaga maji ya kufulia mara moja. Aliyaacha yatulie, akayamimina polepole, na tope lililobaki chini ya beseni akalikomba kwa kiganja na kulitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kisha akatazama nyuma, moyo ukimdunda kama wa mwizi. Na kwa nini usimdunde? Mwizi alikuwa ni yeye.

Ovaroli za watu wa kinu cha kusagia mawe mgodini huja zimejaa vumbi, na ndani ya vumbi hilo mna dhahabu. Si nyingi, chembechembe tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na sonara wa mtaa wa nyuma hakuwa mtu wa maswali. Kopo hilo ndilo lililowavisha pacha wake sare za shule, maana mshahara wa dobi ulitosha kununulia sabuni na kusemea asante.

Kila aliyeuhudumia mgodi alikuwa ameongezewa mshahara: madereva, wapishi, hata mafundi wa matairi. Madobi walioajiriwa na Bibi Povu kuufulia mgodi, wapi! Na cha ajabu, hakuna aliyenung'unika.

"Jamani, nyie hamdai nyongeza?" aliwauliza wenzake alipokuwa bado mgeni.

"Wewe fua tu, shoga," walimjibu, wakacheka, kila mmoja akarudi kwenye kijichumba chake cha kufulia na kuvuta pazia.

Alipoligundua lile tope, naye akaacha kunung'unika. Ila usingizi ulimruka. Angekuwa anamwibia tajiri mwenye roho mbaya, labda angelala. Bibi Povu alikuwa mjane mwenye kikohozi kisichopona, na kila mtu kwake alikuwa "mwanangu". Kumwibia mtu wa namna hiyo kulimsuta Mama Pacha.

Mwisho wa mwezi madobi waliingia ofisini mmoja mmoja, mikoba kwapani, na kila aliyeingia alifunga mlango. Mama Pacha aliitwa wa mwisho, kama kawaida.

Bibi Povu alimpa bahasha kwa mikono miwili. "Nimekuongeza kidogo, mwanangu. Najua mshahara wenyewe unatia aibu."

Laiti angemtukana! Mama Pacha aliona ardhi haipasuki upesi ikammeza. Siku za mwizi ni arobaini, na yake ya arobaini aliamua kuitimiza mwenyewe. Akairudisha bahasha mezani.

"Mama, sistahili. Nimekuibia. Dhahabu inayotoka kwenye ovaroli nimekuwa nikiikomba na kwenda kuiuza. Nifukuze ukitaka, lakini nakusihi, usinipeleke polisi. Wanangu hawana mwingine."

Bibi Povu alikohoa kwa muda mrefu. Halafu akaichukua ile bahasha, akaitia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Afadhali umesema," alisema kwa upole. "Nilikuwa najiuliza utagundua lini. Kaa tupatane bei, mwanangu. Madobi wote hapa hunilipa mimi. Ni wewe peke yako niliyekuwa nakulipa."