Jibu la Nyundo

Mdogo wa fundi wa tovuti aliweka laptop mezani taratibu, kama anayeleta sahani aliyoivunja.

"Kaka, ona nilivyochekwa."

Fundi hakuinua macho. Wiki nzima alikuwa anahamishia kazi za wateja kwenye freimuwaki mpya ya kujengea tovuti, ile inayosifiwa na kila mtu kwenye jukwaa la mtandaoni la waandika programu.

"Umechekwa wapi?"

"Kwenye jukwaa lenu. Niliuliza hiyo freimuwaki yako mpya inaanzwaje. Sikutaka kukusumbua, una kazi nyingi."

Hapo akageuka. Swali alilitambua hata kabla hajamaliza kulisoma. Jibu alilitunga mwenyewe juzi, akisubiri chai ipoe: "Mtoto, anza kwanza kujifunza kuwasha kompyuta." Chini yake kulikuwa na jina analojificha nalo humo, Nyundo. Watu mia mbili walikuwa wamecheka, na siku ile alijiona bingwa.

Kidole cha mdogo wake kilikuwa kimetua palepale kwenye jina. Ukucha ulikuwa umetafunwa hadi kwenye nyama.

"Nilishatengeneza kurasa kumi na nne kwa njia ya zamani, Kaka. Nilitaka nikushtukize. Nimezifuta."

"Zote?"

"Sasa mtu hata kuwasha hajui, kurasa za nini?" Alijichekesha, lakini sauti ilimkatikia njiani. "Huyu Nyundo ni nani? Wewe si unawajua wote humo?"

Fundi akakitazama kile kidole.

"Simjui," akasema.