Paka wa Darini

Kila nyumba ya huku mpakani ina masikio mawili ukutani, moja la Kaskazini na moja la Kusini. Pande zote mbili zinatusikia sawasawa, ndiyo maana vita havitugusi.

Mume wangu Ndiema alipotoroka jeshi la Kaskazini, nilimficha darini. Binti yetu Chemtai ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, na neno "baba" lingetuponza. Nikamfundisha amwite Paka. "Paka kala?" "Paka kalala." Masikio yakanasa hayo tu.

Jumatano asubuhi wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, walibisha hodi pamoja, kama sheria inavyotaka. Wa Kusini alishika kopo la samaki.

"Mama Chemtai, tunamsikia paka wenu kila siku. Tumemletea zawadi."

"Jamani, asanteni. Katoka kidogo."

Wa Kaskazini akachuchumaa. "Mrembo, eti paka yuko wapi?"

Mwanangu akanyoosha kidole juu. "Paka! Shuka, wageni!"

Ndiema akashuka mwenyewe, wasije wakafyatua risasi mtoto yupo. Wajumbe wakaanza kupeana heshima.

"Ni askari wenu, mchukueni."

"La, bwana, zawadi mmeleta nyie. Mhojini kwanza, sisi tutampiga risasi baadaye."

"Mmetufanyia uungwana kweli."

Wakamtoa. Nikambeba Chemtai mbio hadi mlangoni.

"Sema baba, mwanangu," nikamwambia kwa sauti. "Sema upesi, hajafika barabarani."