Kikohozi cha Mama Mkwe

Huku Kisopwe nyumba ni za bei nafuu, ila kwa sharti moja: lazima mzee aishi ndani. Mlango wenyewe unasikiliza. Usipomsikia mzee kutwa nzima, unatufungia nje.

Mama mkwe alifariki alfajiri. Hatukulia. Nani angethubutu kufunga turubai la msiba? Nikaenda kukaa kwenye kiti chake karibu na mlango, nikakohoa.

"Siyo hivyo, mama Zena," mume wangu akaninong'oneza, macho mekundu. "Mama akimaliza kukohoa husema 'Yallah'."

Nikakohoa tena. "Yallah."

Taa ya mlango ikawaka kijani. Mara, ng'ambo ya ukuta, jirani yetu Mzee Sururu naye akakohoa, kama kila asubuhi. Leo ndipo nilipoitambua ile sauti: ni ya binti yake.