Besi ya Kilua

Kwa sheria ya mji, sauti ikishavuka ukuta huwa mali ya aliyeisikia. Ndivyo Kilua alivyojipatia wimbo ambao jirani yake, Zamda, aliutunga kumlilia mama yake. Ulipenya kutoka studio ndogo ambayo Zamda aliitengeneza chumbani mwake, Kilua akausikia akiwa kitandani na kuusajili kwa jina lake. Sasa unatangaza sabuni.

Zamda hakugombana naye. Alishona magodoro manene ya sufi, akayasimamisha kwenye kona zote, maana besi, ile sauti nzito ya chini, hujikusanya konani na kuvuma ovyo. Akaziba dari na kuta tatu. Ukuta wa upande wa Kilua akauacha mtupu, akauelekezea spika kubwa, akawasha mvumo mmoja mzito usiokoma.

Haikupita wiki, Kilua akabisha hodi, macho mekundu.

"Dada Zamda, mtoto halali. Mke wangu anatapika. Punguza, tafadhali."

"Nipunguze nini, kaka? Sauti imeshavuka ukuta. Ni yako hiyo."

"Basi nakurudishia wimbo wako."

"Wimbo wa sabuni? Kaa nao."

Akafunga mlango. Ndani, sufi ilikuwa imeumeza mvumo hadi ukabaki kama pumzi ya mtu aliyelala. Zamda aliweka kiganja kwenye ukuta mtupu. Ulikuwa unatetemeka, na hakuweza kujua kama ni besi tu, au kuna mtu upande wa pili anaupiga kwa ngumi.

Akaongeza sauti.